Mbona Nilisoma na Bado Nimesahau?

Hakuna mada ya saikolojia inayoletewa maswali mengi na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kama kumbukumbu. Haya ni baadhi ya maswali yao, na ninavyoyajibu.

Mwalimu, sura nzima niliirudia mara nne. Kwenye chumba cha mtihani ikapotea. Nina tatizo la ubongo?

Huna. Tatizo ni namna ulivyosoma. Macho yakishayazoea maneno, unadhani unayajua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo natamani kila mwanafunzi alijue. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma kifungu kilekile. Kundi jingine lilipata kipindi kimoja tu cha kusoma, kisha vitatu vya kuandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano wasomaji waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: wasomaji asilimia 40, wenzao 61. Na ni wasomaji hao ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka!

Mtoto wa chuoni aliyehifadhi juzuu hatashangaa. Yeye hufunga msahafu akamsomea mwalimu kwa moyo, akikwama husahihishwa, na la jana hulirudia pamoja na la leo. Fanya hivyo na daftari lako la biolojia.

Kusahau huanza lini?

Mara tu unapomaliza. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Kipimo chake kilikuwa muda anaouokoa anapojifunza upya orodha aliyokwisha kuijua. Baada ya saa moja nafuu ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Baada ya siku moja, kama theluthi. Lakini baada ya mwezi mzima bado ilibaki kama sehemu moja ya tano. Hasara kubwa hutokea mwanzoni, ndiyo maana nawasihi mrudie somo siku ileile, kisha baada ya siku chache, badala ya kukesha usiku wa kuamkia mtihani.

Ni kweli kichwa hubeba vitu saba tu kwa mara moja?

Saba ni hesabu ya George Miller ya mwaka 1956. Watafiti wa baadaye, akiwemo Nelson Cowan, wameishusha hadi karibu vinne. Ukiviunganisha katika mafungu, kama tunavyofanya na namba za simu, utabeba zaidi.

Kumbukumbu zote ni za aina moja?

Hapa namshukuru Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 kutibu kifafa. Aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ndani ya ubongo, pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi matukio mapya kwa kawaida. Aliyezungumza naye akitoka na kurudi, alikuwa mgeni tena. Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku tatu mfululizo mkono ulizidi kuwa stadi, ilhali mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo. Kumbe kujua *kwamba* na kujua *namna ya* hutegemea sehemu tofauti za ubongo. Molaison alikubali kuchunguzwa kwa zaidi ya miaka 50, hadi alipofariki mwaka 2008.

Nikilikumbuka jambo waziwazi, si ushahidi tosha?

La. Kukumbuka ni kujenga upya, na mjenzi huokota hata tofali la jirani. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari. Baadhi waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani “yalipopondana”, wengine “yalipogongana”. Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Walioambiwa “yalipopondana”, 16 kati ya 50 waliviona. Wenzao, 7 kati ya 50. Filamu haikuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika.

Neno moja la mwulizaji, basi, laweza kuingiza kitu kichwani mwa shahidi mkweli kabisa. Ukishuhudia ajali, andika ulichokiona kabla hujakaa na wenzako kusimuliana.