Kijana Aendapo Chuo cha Mbali: Ni Bima Ipi ya Afya Itakayomfuata?

Kila mwaka ifikapo Oktoba, stendi ya Usa River na zile za Jijini Arusha hujaa vijana wenye masanduku na magodoro, wakielekea vyuo vya Dodoma, Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam. Wazazi wao huwa wamekwisha kupiga hesabu ya ada, nauli na fedha ya kujikimu. Swali linalosahaulika ni nani atalipa gharama siku kijana huyo atakapougua, hali nyumbani ni mbali kwa mwendo wa siku nzima.

Swali hili lilinifika kwa njia ngumu. Miaka kadhaa iliyopita, mdogo wangu aliyekuwa akisoma Nyanda za Juu Kusini alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo usiku wa manane. Mkononi alikuwa na kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ya kaya yetu. Kadi ileile iliyokuwa ikitutibu vizuri hapa Meru. Huko haikumsaidia. Baba aliuza ndama wawili asubuhi hiyo, kwa bei anayopewa mtu mwenye shida, na fedha zikatumwa kwa simu. Mdogo wangu alipona, ila ada ya muhula uliofuata ililipwa kwa kuchelewa sana. Hospitali haikuwa na kosa. Sisi ndio tuliokuwa hatujasoma masharti ya kadi.

Masharti yenyewe ni haya. CHF iliyoboreshwa imejengwa katika ngazi ya mkoa. Kaya ya watu wasiozidi 6 imekuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zake huanzia zahanati, kupitia kituo cha afya na hospitali ya wilaya, hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni Mount Meru. Kwa mkulima wa Leguruki au Ngarenanyuki anayeishi na kutibiwa hapahapa, ni msaada mkubwa kwa gharama ndogo. Kwa mwanafunzi aliye nje ya mkoa, si kadi ya kutegemea.

Kwa ajili yake upo utaratibu wa wanafunzi wa vyuo katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni shilingi 50,400 kwa mwaka, yaani shilingi 4,200 kwa mwezi. Uandikishaji hufanyika kupitia chuo chenyewe, na ndiyo maana mara nyingi kiasi hicho huonekana katika fomu ya maelekezo ya kujiunga, kikiwa kimejificha katikati ya michango mingine. Kitafuteni. Mkopo wa Bodi ya Mikopo hauna fungu la bima ya afya, hivyo mzazi asidhani kwamba mwenye mkopo amekwisha kukatiwa.

Ubora wa kadi hii ni kwamba hutumika katika vituo vilivyosajiliwa na Mfuko nchi nzima, vya Serikali, vya mashirika ya dini na vya binafsi. Kijana anayesoma Dodoma, akapangiwa mafunzo kwa vitendo Mwanza, kisha akarudi likizo Tengeru, hubaki na kadi moja. Hata hivyo, ngazi za rufaa zinabaki palepale: isipokuwa kwa dharura, aanze katika zahanati ya chuo au kituo cha karibu, asikimbilie hospitali ya kanda. Na kadi humhusu yeye peke yake. Mwanafunzi mwenye mke au mtoto atafute njia nyingine kwa ajili yao.

Mzazi aliye mtumishi mwenye kadi ya NHIF huuliza kwa nini alipe mara ya pili ilhali mwanawe ni mtegemezi wake. Swali ni la haki. Lakini utegemezi wa mtoto una ukomo wa umri, na kijana anaweza kuufikia akiwa katikati ya masomo bila yeyote kukumbuka. Thibitisheni kwa mwajiri au katika ofisi ya NHIF mkoani tarehe utegemezi huo utakapokoma. Kama ungali hai, peleka uthibitisho chuoni na uulize kama mchango wa chuo unaweza kuondolewa.

Pengo lingine, nalo ndilo huwaumiza wengi, ni la muda. Kulipa si kupata kadi siku hiyohiyo, kwa kuwa chuo hukusanya orodha kwanza na kuiwasilisha. Anayelipa wiki ya mitihani hukaa bila kinga muhula mzima. Vivyo hivyo, bima huisha kila mwaka, hata kama masomo ni ya miaka 3 au 4. Kijana aandike tarehe ya mwisho katika simu yake.

Bima za kampuni binafsi zipo pia. Kabla ya kusaini, soma mambo matatu: kiwango cha juu cha matibabu kwa mwaka, muda wa kusubiri kabla ya huduma fulani kuanza, na orodha ya hospitali zilizo karibu na chuo. Orodha ndefu ya hospitali za Dar es Salaam haimfai anayesoma Mbeya.

Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadili mpangilio wa mifuko, hakikisheni viwango vinavyotumika kabla ya kulipa. Kuhusu CHF, mratibu wake yupo Halmashauri. Mwulizeni pia kuhusu nafasi ya kijana aliyekatiwa bima chuoni: kaya yenye watu 7 huenda ikamwandikisha aliyekuwa amebaki nje.