Uliomba Radhi kwa Kosa la Nani?

"Shangazi, ninaishi Mbagala, nimeolewa, nina watoto wawili. Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo kununua blenda ya kuanzia biashara ya juisi. Nilimweleza kijana wa dukani kwamba nataka inayosaga barafu, akanijibu hii inasaga hata mawe. Alianzia Sh85,000, tukavutana karibu nusu saa, nikaichukua kwa Sh70,000 na risiti ya mashine akanipa. Siku ya pili tu ikatoa moshi, ikazima. Niliirudisha nikiwa na binti yangu wa miaka tisa. Yule kijana hakufungua hata boksi. Alinionyesha karatasi ukutani iliyoandikwa 'mali ikishauzwa hairudishwi', akapaza sauti kwamba wanawake wa siku hizi wanaunguza vitu kisha wanatafuta pa kuvisukumia. Wateja wakacheka. Nikamwambia samahani kwa usumbufu, nikabeba boksi langu nikatoka. Njiani binti akaniuliza, 'Mama, kwani tumefanya nini?' Sasa blenda nimeificha juu ya kabati, na mume wangu nimemwambia nimemwazima jirani. Roho inaniuma. Nirudi, au niache tu yaishe?"
Mwenye Uchungu, Mbagala

Mwanangu, umeniuliza habari za blenda, lakini kinachokuuma kiko kwenye maneno matatu uliyoyaandika haraka haraka kama kitu kidogo: samahani kwa usumbufu. Ukali wa yule kijana ni wake na waliomlea. Waliocheka walishasahau kabla hawajafika kituoni. Samahani ndiyo yako peke yako, hakuna aliyekushika ulimi ukaitoa. Ulimkosea nini? Umetoka Mbagala hadi Kariakoo na boksi mkononi na mtoto ubavuni, fedha yako imo kwenye droo yake, halafu wewe ndiye unayemwomba radhi kwa kumsumbua! Mtu akiomba radhi huwa amekiri kosa. Pale kaunta ulimsaidia kushinda kesi ambayo hakuwa na hoja hata moja ya kuitetea.

Usiniambie kwamba wewe ni mpole, huna mdomo. Barua yako mwenyewe inakukana. Mwanamke aliyesimama nusu saa Kariakoo akashusha bei kwa Sh15,000 ana mdomo, ana subira na anajua hesabu. Siku ile uliongea kwa sababu fedha ilikuwa mkononi mwako. Msipokubaliana, unavuka barabara kwenda duka la pili. Uliporudi, fedha ilikuwa kwake, ukajihesabu mtu aliyekuja kuomba hisani. Hapo ndipo ulipopotea. Kiswahili chetu kimeyatenga mambo haya mawili tangu zamani: mtu huomba kisicho chake, hudai kilicho chake. Mwombaji akinyimwa hushukuru akaenda zake. Mdai akinyimwa hubaki amesimama, kwa kuwa anachokitaka tayari ni mali yake. Wewe umeamini kwamba haki ya mnunuzi inakwisha fedha ikishatoka mfukoni, wakati ndipo inapozaliwa. Kabla hujalipa, kijana yule hakuwa na deni lolote kwako. Alipozipokea zile Sh70,000 akawa na deni la blenda inayosaga barafu, na deni hilo hajalilipa hadi leo.

Wala sikutii moyo tu kwa maneno matamu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuuzika, na mnunuzi akimweleza kazi anayokikusudia huku akitegemea ujuzi wake, kitu hicho kiifae kazi hiyo. Wewe ulitaja barafu, yeye akajibu mawe. Ile karatasi ya ukutani inaweza kumzuia aliyenunua nyekundu akafika nyumbani akatamani ya bluu. Haina uwezo wa kugeuza kibovu kuwa kizima. Jirani zetu wa Kenya wameipandisha haki hii hadi kwenye Katiba yao ya mwaka 2010: Ibara ya 46 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na fidia akipata hasara kwa ubovu wake. Na kila Machi 15 dunia huadhimisha Siku ya Haki za Walaji, kwa kumbukumbu ya siku hiyo mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipolitajia Bunge la nchi yake haki nne za mlaji. Ya nne ilikuwa haki ya kusikilizwa. Hiyo ndiyo uliyonyang'anywa wewe, pale boksi lako lilipoachwa bila kufunguliwa.

Najua utakachonijibu, maana ndicho tulicholelewa nacho wanawake wengi: muungwana hagombani dukani, mtoto wa kike hapazi sauti mbele za watu. Nusu yake naikubali. Matusi hayarudishi fedha, na kijana wa kaunta mara nyingi ni mwajiriwa anayeogopa kukatwa mshahara. Ukimdhalilisha unamwadhibu asiye na uamuzi. Ni kweli pia kwamba wako wateja wanaounguza vitu kwa uzembe wao kisha wakavirudisha, kwa hiyo mwenye duka ana sababu ya kuwa mwangalifu. Lakini mwangalifu hukagua. Angefungua boksi, angechomeka waya, angekuuliza uliitumiaje. Nusu nyingine ya jibu lako naikataa kabisa. Uungwana unatufundisha namna ya kusema, haujawahi kutuamuru tusiseme. Sema "naomba", sema "tafadhali", sema "ndugu yangu" kadiri upendavyo, ndivyo tunavyoongea. Neno la kukiri kosa liweke kwa siku utakayokosa. Wazee waliosema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walijua kwamba hata aliyezidiwa kwa kila kitu kuna kimoja ambacho hapaswi kunyang'anywa.

Utasema pia kwamba Sh70,000 si za kufia, na amani ya moyo inashinda blenda. Ningekubali kama amani hiyo ungekuwa nayo. Mwezi umepita na roho bado inakuuma. Boksi liko juu ya kabati, unalala ukiliwaza, na umeshamtungia mumeo hadithi ya jirani. Ipo siku atakutana na huyo jirani na kumuuliza juisi imekuwaje. Dhuluma uliyoinyamazia haikubaki Kariakoo. Imepanda nawe daladala hadi chumbani, ikakufanya umdanganye mtu ambaye hakukudhulumu. Na zaidi ya mume kuna yule binti. Aliona risiti unayo, akaona boksi halikufunguliwa, kisha akamsikia mama yake akiomba msamaha. Akapiga hesabu ambayo mtoto yeyote angeipiga: kama mama kaomba radhi, basi kuna baya tumelifanya. Ninaloliamini kuliko yote ni hili: kujiheshimu hakufundishwi kwa nasaha za ukubwani. Mtoto huokota kujiheshimu kwenye kaunta ya duka, kituoni, kwenye dirisha la zahanati, akiwa ameshika gauni lako. Kesho mwajiri akiukalia mshahara wake, au mume akimfokea bila kosa, atatafuta alichomwona mama akifanya. Hadi sasa umemwachia samahani kwa usumbufu.

Basi lishushe hilo boksi. Leo usiku mwambie mumeo ukweli wote, na umwombe asiende kwa niaba yako. Fedha ikirudi kwa mkono wake, ulimi wako utabaki pale ulipouacha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maandishi ya risiti za mashine hufifia, kwa hiyo risiti yako itoe nakala mapema. Nenda Jumamosi, katikati ya asubuhi. Usimkute ndiyo kwanza anafungua, maana wafanyabiashara wengi huona nuksi kutoa fedha kabla hawajauza. Salimia, mwulizie mwenye duka, kisha sema mambo matatu tu: nilinunua hapa, risiti hii; niliambiwa inasaga barafu, ikaungua siku ya pili; nataka nyingine iliyo nzima au fedha yangu. Halafu nyamaza, ubaki umesimama. Wakipaza sauti, yarudie yale yale kwa sauti ile ile. Wakikataa, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Huenda ukarudi na blenda siku hiyo, huenda usirudi nayo. Lakini Jumamosi binti yako hana shule, kwa hiyo nenda naye. Alikuuliza swali njiani, na bado hujamjibu.