Vihatarishi kwenye banda la chipsi: vijue kabla havijala mtaji wako



Somo la leo ni la watu wa chipsi, ila hata wewe wa maandazi, mihogo au samaki wa kukaanga linakuhusu. Wote mnasimama mbele ya mafuta ya moto kila siku.

Tuanze na hesabu. Tuseme banda linakuachia faida ya Sh 20,000 kwa siku. Mafuta yakikumwagikia mguuni ukakaa nyumbani wiki 3, umepoteza Sh 420,000. Hapo bado matibabu, kodi ya banda na viazi vitakavyooza kwenye gunia. Mtaji mdogo haubebi pigo la namna hiyo.

Ukiwauliza wengi wanajikingaje, watakwambia: "Nimemwambia dogo awe makini." Umakini ni mzuri, lakini peke yake sio kinga. Saa 2 usiku, wateja wamejaa, boda anapiga honi anataka oda yake, umakini unakimbia. Kinga ya kweli ni ile inayokulinda hata ukiwa umechoka.

HATUA YA 1: FUATA KAZI, USIANGALIE VITU TU

Ukisimama mlangoni utaona jiko, karai na kisu vimetulia. Hatari huioni, kwa sababu inajitokeza kazi inapoanza. Chukua daftari uandike kazi za siku kwa mpangilio: kufunga mtungi na kuwasha jiko, kumenya na kukata viazi, kutumbukiza kwenye mafuta, kuepua, kuhudumia wateja, kufunga banda. Kila kazi iulize maswali mawili: nini kinaweza kuumiza hapa, na kitamuumiza nani? Usijihesabu wewe tu. Kuna kijana wako, mteja aliyeegemea meza na mtoto anayepita.

Muulize na kijana wako wa kazi. Mara nyingi yeye ndiye anajua mguu wa jiko unaocheza.

HATUA YA 2: PIMA IPI IANZE

Huwezi kurekebisha yote kwa siku moja. Toa alama 1 hadi 3 kwa uwezekano wa kutokea, na 1 hadi 3 kwa ukubwa wa madhara, kisha zidisha. Mfano: kujikata kidogo unapomenya, uwezekano 3, madhara 1, jumla 3. Karai kupinduka, uwezekano 2, madhara 3, jumla 6. Anza na karai, hata kama visu ndivyo vinakusumbua kila siku.

HATUA YA 3: DHIBITI KWA MPANGILIO

Wataalamu wa usalama kazini wana ngazi yao. Anza juu, ukishindwa ndio ushuke:

1. Ondoa hatari kabisa.
2. Badilisha kwa kitu chenye hatari ndogo.
3. Weka kizuizi kati ya mtu na hatari.
4. Panga utaratibu wa kazi.
5. Vaa vifaa vya kujikinga.

Sasa tuone bandani.

✅ Kuhamisha mafuta usiku. Mmechoka, mnataka kulala, mafuta bado ya moto yanamiminwa kwenye ndoo ya plastiki. Mafuta ya kukaangia yanafika nyuzi 170 mpaka 180 za Selsiasi, yanaweza kuyeyusha ndoo ikiwa mkononi. Dawa yake haina gharama: usiyahamishe. Zima jiko, funika karai, funga banda, mimina asubuhi yakiwa yamepoa. Hiyo ni ngazi ya 1.

✅ Viazi vyenye maji. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo yakiingia kwenye mafuta yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta usoni. Vichuje, vikaushe, kisha vitumbukize kidogo kidogo.

✅ Karai linalocheza. Mpe fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya chuma inayoshika jiko na karai. Liweke upande wa ndani, mbali na mkono wa mteja na mtoto.

✅ Gesi. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regulata na mpira. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti hata siku moja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kwa hiyo usizibe upenyo wa chini wa banda. Mtungi usimame wima, mbali na moto.

✅ Mkaa. Usiingize jiko lenye makaa kwenye banda lililofungwa ambamo mtu analala. Makaa yanatoa monoksaidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa usingizini.

✅ Mavazi. Ndara na mafuta ya moto haviendani. Vaa viatu vya kufunika na aproni nzito. Ila kumbuka, hii ni ngazi ya mwisho, usianze nayo ukaishia hapo.

IKITOKEA

🔥 Mafuta yakishika moto: USIMWAGE MAJI, yatarusha moto banda zima. Zima gesi kama unafikia bila kuungua, sukuma mfuniko wa chuma juu ya karai, usilibebe, uache mpaka lipoe. Ukiona moto umekuzidi, toa watu nje upige Zimamoto 114. Kwa hiyo mfuniko ukae pembeni ya jiko muda wote. Ukiufungia kabatini hautakusaidia.

🔥 Mtu akiungua: mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na nguo ambayo haijagandia ngozi. Dawa ya meno, yai na majivu havisaidii, vinachafua kidonda. Usipasue malengelenge. Kama ameungua sehemu kubwa, usoni au mikononi, apelekwe hospitali.

ZOEZI LA KESHO

Kabla ya kuwasha jiko, andika kazi zako, toa alama, chagua moja yenye alama kubwa uirekebishe kesho hiyo hiyo. Wiki ijayo chagua nyingine. Ukibadili jiko, ukihama eneo au ukipata kijana mpya, rudia daftari lote, maana hatari nazo zimebadilika.

Mtumie na mwenzako anayekaanga. Wewe kwenye banda lako, kazi gani imepata alama 6 au zaidi?