Kazi ya Kusogeza Chaji za Umeme

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuwa kazi ni kani mara umbali. Kanuni hiyo ni sahihi pale kani isipobadilika. Lakini chaji mbili zinaposogezwa, kani baina yake hubadilika kila hatua, na kanuni hiyo haiwezi kutumiwa vivi hivi.

Mwaka 1785 Charles Coulomb wa Ufaransa alionyesha kuwa kani hiyo hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali: umbali ukiwa maradufu, kani hubaki robo. Tuchukue chaji mbili chanya, mikrokulombu 2 na mikrokulombu 3, zilizoachana kwa mita 0.3. Ya kwanza imeshikiliwa mahali pake. Ya pili twaisukuma polepole kuielekea hadi ibaki mita 0.1. Mwanzoni kani ni nyutoni 0.6; mwishoni ni nyutoni 5.4.

Njia ni mita 0.2. Tukitumia kani ya mwanzo twapata jouli 0.12, ya mwisho, jouli 1.08, wastani wake, jouli 0.6. Majibu yote matatu si sahihi.

Tuigawe njia katika hatua ndogo sana. Katika hatua ya kutoka umbali a hadi b, kani iko kati ya K/a² na K/b². K ni zao la chaji zote mbili, kwa kulombu, na namba isiyobadilika ya Coulomb, 9 × 10⁹. Hapa K ni 0.054. Kwa kuwa a na b zakaribia kuwa sawa, twaweza kuiandika kani K/ab. Basi kazi ya hatua hiyo ni:

K(a − b)/ab = K/b − K/a

Tukijumlisha hatua zote, kila kiasi cha katikati hujumlishwa mara moja na kutolewa mara moja, kikafutika. Hubaki cha mwisho na cha mwanzo tu:

0.054/0.1 − 0.054/0.3 = 0.54 − 0.18 = jouli 0.36

Kazi hiyo haikupotea. Imehifadhiwa katika chaji hizo kama nishati tuli, ambayo kwa umbali r ni K/r. Tukiiachia chaji ya pili pasipo msuguano, itakapofika tena mita 0.3 itakuwa na nishati mwendo ya jouli 0.36.

Zoezi: Rudia hesabu hii chaji moja ikiwa hasi. Eleza maana ya alama ya kutoa katika jibu lako.