VIFAA VYA USAFI: VYA KABURINI AU VYA WALIO HAI?



Ndugu wanafunzi na wazazi, mwaka 1906 wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mtaliano Ernesto Schiaparelli walifungua kaburi huko Deir el-Medina, Misri. Lilikuwa halijaguswa na wezi kwa zaidi ya miaka 3,000. Ndani yake walizikwa Kha, msimamizi wa ujenzi wa makaburi ya Mafirauni, na mkewe Merit. Pamoja nao ziliwekwa nyembe, kitana, vyombo vya mafuta ya kujipaka, na wanja na kijiti chake. Vitu hivyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Turin, Italia.

Kwa nini walizikwa navyo? Wamisri wale waliamini kwamba maiti atahitaji kunyoa na kujipamba huko aendako, kama alivyofanya duniani.

Wazee wetu wa pwani nao walipenda unadhifu. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, mkoa jirani wa Lindi, mtaalamu Neville Chittick alichimba miaka ya 1960 akapata vijiti vya shaba vya kupakia wanja. Hata hivyo Muislamu, awe sultani wa Kilwa au mkulima wa korosho wa Mkunya, huoshwa, huvishwa sanda na kuzikwa bila kitana wala kioo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa maiti hufuatwa na vitu vitatu: watu wake, mali yake na amali zake. Viwili hurudi nyumbani, amali hubaki naye.

Kwa hiyo wembe ni wa aliye hai, na kuutumia vizuri ni katika amali zake. Tuzingatie haya:

1. Kukata kucha, kupunguza masharubu na kuondoa nywele za kwapani na za sehemu za siri ni sunna. Katika Sahih Muslim, Anas (r.a.) amepokea kuwa tusizidishe siku 40.

2. Tusichangie wembe. Damu kidogo tu iliyobaki juu yake inaweza kuambukiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

3. Wembe uliotumika usitupwe njiani, kwani wadogo zetu hupita pekupeku.

Maswali
(a) Kha na Merit walizikwa na vifaa gani?
(b) Ni kitu gani hubaki na maiti kaburini?
(c) Je, nyumbani kwenu kila mtu ana wembe wake?

Wabillahi tawfiq.