Intaneti Ipo, Jina Halipatikani

Jioni moja Bwejuu, wakati wa mazoezi ya kufundisha, ripoti yangu ilitakiwa ifike chuoni kabla ya saa sita usiku. Simu inafungua kila kitu. Kompyuta yangu ya Ubuntu, inayotumia bando la simu hiyohiyo, imegoma. Nikalaumu mtandao, kama tunavyofanya sote.

Nikaandika ping 8.8.8.8. Majibu yakaja. Nikaandika ping google.com: kimya, kisha ikaniambia jina halikupatikana. Hapo ndipo pa kusoma, wenzangu. Njia ipo, ila mashine haijui jina lina namba gani. Kazi ya kugeuza jina kuwa namba ndiyo DNS.

Linux kwa kawaida hutazama kwanza /etc/hosts, kisha huuliza seva iliyotajwa ndani ya /etc/resolv.conf. Nilipolifungua hilo la pili nikacheka peke yangu. Muhula uliopita, mjini, nilifuta lililokuwepo nikaandika kwa mkono namba ya seva ya ndani, ile ya 192.168. Sawa na kukaa Bwejuu ukapiga hodi mlango wa Mkunazini!

Kumbe kwenye Ubuntu, /etc/resolv.conf ni kiungo tu cha faili linalotunzwa na systemd-resolved, ambayo hupokea seva mpya kila ukibadili mtandao. Nikakirudisha:

sudo ln -sf /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf

Kisha resolvectl status, nione ni seva ipi inaulizwa sasa. Ripoti iliondoka saa tano na dakika arubaini.