Mali Bila Daftari

Somo la 12: Kutafuta karatasi za usajili na za mahakama

Soma habari hii polepole. Ukimaliza, jibu maswali yaliyo mwisho wa somo.

Shamba na maneno ya watu

Katika kijiji kimoja cha Kaunti ya Kilifi aliishi mama mmoja mjane. Hapa tumwite Mama Riziki. Mume wake alifariki nyumbani, akazikwa karibu na mkorosho mkubwa. Arubaini ilipokwisha, shemeji yake alikuja akasema:

"Shemeji, pole sana kwa msiba. Lakini shamba hili si la marehemu. Mimi na yeye tulipelekana mahakamani mwaka 1987. Mahakama ikanipa mimi shamba lote. Wazee wanajua."

Wazee waliulizwa. Wa kwanza alisema, "Kesi ilikuwako." Wa pili alisema, "Nasikia hivyo." Wa tatu alisema, "Walioamua wamekwisha kufa." Hakuna hata mmoja aliyepata kuiona karatasi.

Mama Riziki alikuwa amemaliza mwaka mmoja katika darasa la kisomo. Usiku ule alifungua sanduku la marehemu. Ndani alikuta kikaratasi kilichokunjika, cha rangi ya majani makavu. Alikisoma kwa kufuatisha kidole: Kesi Na. 31 ya 1987. Palikuwa na muhuri, lakini jina la mahakama lilikuwa limefutika.

Asubuhi alikipeleka kwa mwalimu wake. Mwalimu akasema, "Mama, namba hii ni ufunguo. Sasa tutafute mlango wake."

Karatasi zinakaa wapi?

Karatasi za maisha ya watu ni za namna mbili. Kwanza kuna karatasi za usajili. Hizi zinaonyesha nani alizaliwa, lini na wapi, na nani alifariki. Pili kuna karatasi za mahakama. Hizi zinaonyesha nani alishtaki, nani alishtakiwa, na mahakama iliamua nini.

Karatasi za usajili ziko katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Kumbuka jambo hili: kazi hiyo ni ya serikali kuu, si ya serikali ya kaunti. Usipoteze nauli kwenda kwa gavana. Uliza ofisi ya msajili, au nenda katika Kituo cha Huduma.

Karatasi za mahakama zinakaa katika masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi. Kaunti moja ina mahakama zaidi ya moja. Katika Kilifi kuna mahakama Kilifi mjini, Malindi na Mariakani. Faili ya kesi iliyosikilizwa Malindi usiitafute Mariakani.

Kumbuka pia majina ya zamani. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Kabla ya hapo tulikuwa na wilaya na mikoa. Karatasi ya mwaka 1987 haitasema "Kaunti ya Kilifi". Itasema "Wilaya ya Kilifi, Mkoa wa Pwani". Ukimweleza karani, mtajie jina la zamani na jina la sasa.

Kibali cha mazishi si cheti cha kifo

Mwalimu alimwuliza Mama Riziki, "Je, una cheti cha kifo cha marehemu?"

Mama Riziki akatoa karatasi. Mwalimu aliisoma, akatikisa kichwa. "Mama, hiki ni kibali cha mazishi. Kilikuruhusu kuzika tu. Cheti cha kifo ni karatasi nyingine."

Watu wengi hukosea hapo. Mtu akifariki nyumbani, jamaa humwarifu naibu wa chifu. Naibu wa chifu huandika habari za kifo na kutoa kibali cha mazishi. Habari hizo hupelekwa kwa msajili. Jamaa wanapaswa kufuata wenyewe na kuomba cheti. Usipokiomba, hakuna atakayekuletea nyumbani.

Cheti cha kifo kina kazi nyingi. Bila hicho huwezi kufungua kesi ya mirathi. Benki nayo itakitaka kabla ya kukueleza habari za akiba ya marehemu.

Mama Riziki alikwenda kwa naibu wa chifu, kisha kwa msajili. Alichukua kitambulisho chake, kitambulisho cha marehemu na kile kibali. Siku ya kupokea cheti hakukikunja haraka. Alisimama mlangoni akasoma kila neno: jina, tarehe, mahali. Akaona herufi moja ya jina imekosewa. Akarudi palepale akaomba isahihishwe. Herufi moja ikikosewa, mtu mmoja huonekana kuwa watu wawili.

Na wale waliozaliwa zamani?

Usajili wa lazima ulifika katika nchi nzima mwaka 1971. Kwa hiyo wazee wengi hawamo katika daftari. Hilo si kosa lao. Mtoto naye anapaswa kuandikishwa kabla ya kutimiza miezi 6. Muda huo ukipita, huitwa usajili wa kuchelewa, na ushahidi zaidi hutakiwa. Tunza kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na cheti cha shule. Karatasi hizo hukusemea wakati mashahidi wamekwisha kufa.

Mama Riziki katika masjala

Sasa Mama Riziki alikuwa na cheti cha kifo na barua ya chifu inayosema kwamba yeye ni mke wa marehemu. Alianza na mahakama ya Kilifi mjini. Karani alimwuliza:

"Mama, nikusaidie nini?"

"Mwanangu, naomba kuiona faili ya kesi. Hii hapa namba yake na mwaka wake. Waliopelekana ni marehemu mume wangu na ndugu yake. Ilikuwa kesi ya mpaka wa shamba. Hiki ni cheti cha kifo, na hiki ni kitambulisho changu."

Karani alifurahi, maana mama huyu alimpa mambo matano yanayotakiwa: namba, mwaka, majina ya pande zote mbili, aina ya kesi, na sababu ya kuomba.

Karani akasema, "Kesi mpya zimo katika kompyuta. Hii ni ya zamani, imo katika ghala. Lipa ada, kisha urudi baada ya wiki 2."

Mama Riziki aliuliza, "Nilipe vipi?" Ada za serikali siku hizi hulipwa kwa simu, kwa njia ya eCitizen. Alilipa, akapata stakabadhi, akaitunza. Nje ya mahakama kijana mmoja alimwambia, "Mama, nipe pesa mkononi nikuharakishie." Mama Riziki akamjibu, "Ahsante mwanangu, nimekwisha lipa."

Wiki 2 zilipita, faili haikuonekana. Alirudi mara ya pili, mara ya tatu. Kila mara aliandika katika daftari lake tarehe na jina la karani aliyemhudumia. Mara ya nne faili ilikuwa mezani.

Faili ilisema nini?

Miaka ile kesi za mipaka ya mashamba zilipelekwa kwanza mbele ya wazee. Uamuzi wao ukaletwa na kusomwa mahakamani. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Mama Riziki alisoma kwa taratibu. Wazee walikuwa wamegawa shamba. Upande wa juu, penye mikorosho na nyumba, ulikuwa wa mume wake. Upande wa chini, penye kisima, ulikuwa wa shemeji. Njia ya kwenda kisimani ilikuwa ya wote wawili.

Basi shemeji hakupewa shamba lote. Lakini Mama Riziki naye alikuwa akidhani kisima ni chake. Karatasi haikumpa kila alichokitaka. Ilimpa kilicho chake.

Aliomba nakala iliyothibitishwa, yenye sahihi na muhuri wa mahakama. Nakala bila muhuri ni karatasi ya kusoma tu. Haina nguvu ya ushahidi. Jioni wazee walikusanyika penye mkorosho. Mama Riziki aliisoma hukumu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya shemeji yake. Alisoma pia maneno ya kisima, wala hakuyaruka. Shemeji alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Shemeji, umesoma yote. Na iwe hivyo."

Mwezi uliofuata Mama Riziki alianza kesi ya mirathi, ili upande wa juu uandikwe kwa jina lake na la watoto.

Haki yako ya kuomba

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuomba katika ofisi za umma. Maombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kuomba hakulipiwi; unaweza kutakiwa kulipia gharama ya kutoa nakala. Ofisi inapaswa kukujibu katika siku 21. Na asiyejua kuandika hafukuzwi. Anasema kwa mdomo, na ofisa anapaswa kumwandikia, kisha ampe nakala.

Lakini si kila faili hufunguliwa kwa kila mtu. Kesi za watoto, kwa mfano, hulindwa. Ndiyo sababu unaulizwa wewe ni nani na unataka karatasi kwa kazi gani.

Ukishindwa kesi, usikawie. Rufani ya kesi ya madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu hukatwa katika siku 30. Ya kesi ya jinai hukatwa katika siku 14. Omba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa.

Mfano wa barua

Kwa Masjala ya Mahakama ya ..............
Tarehe ..............

KUH: KESI NA. ........ YA MWAKA ........

Mimi .............., mwenye kitambulisho namba .............., naomba kuiona faili ya kesi iliyotajwa hapo juu, kati ya .............. na ............... Naomba pia nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Mimi ni .............. wa mmoja wao. Nahitaji nakala hii kwa ajili ya ...............

Wako mtiifu,
..............

Andika barua mbili zinazofanana. Moja iache ofisini. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani.

Maneno mapya

masjala: chumba cha kutunzia faili katika ofisi
nakala iliyothibitishwa: nakala yenye sahihi na muhuri wa ofisi
mirathi: mali ya marehemu inayogawiwa warithi wake
stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba umelipa

Maswali

1. Kibali cha mazishi na cheti cha kifo vinatofautianaje?
2. Taja mambo matano ambayo Mama Riziki alimwambia karani.
3. Kwa nini alisoma cheti kabla ya kuondoka ofisini?
4. Kwa maoni yako, kwa nini shemeji alikubali hukumu ilivyosomwa?

Kazi ya nyumbani

Fungua sanduku lako. Andika katika daftari kila karatasi uliyo nayo: jina lake, namba yake na tarehe yake. Kisha andika zile unazokosa. Wiki ijayo tutasaidiana kuandika barua za kuziomba. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.